Kamera ya Akiba: Sayansi ya Kuchagua Kamera Nyepesi Isiyo na Kioo

Utangulizi

Katika kazi nyingi za sayansi, picha ni sehemu ya ushahidi. Mwaka 1978 watafiti walioongozwa na Mary Leakey walifukua huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo zilipigwa picha, zikapimwa na kutengenezewa nakala; kisha mwaka 1979 zikafukiwa tena ili zisiharibiwe na jua na mvua. Tangu hapo, wengi wanaozichunguza wamelazimika kutegemea picha na nakala hizo. Kazi ya namna hii haina marudio. Kupatwa kwa jua hakusubiri, wala mahafali ya kidato cha nne hayarudiwi kwa sababu kamera imegoma.

Kwa hiyo mtu ambaye kazi yake inategemea picha hubeba kamera ya pili, ambayo tutaiita kamera ya akiba. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuichagua kwa kutumia fizikia ya nuru inayofundishwa katika shule za sekondari, pamoja na hesabu chache za uwezekano. Tutaona kwamba kamera ya akiba hupimwa kwa maswali mawili. Je, itakuwapo mkononi siku itakapohitajika? Na je, sababu iliyoiangusha kamera ya kwanza haitaiangusha na hii ya pili?

Ili hesabu zetu ziwe na namba halisi, tumechukua mfano wa mpiga picha mwenye kamera ya Canon EOS 5D Mark IV, iliyotolewa mwaka 2016. Kanuni zitakazoelezwa zinahusu kamera za kampuni yoyote.

Kioo kilikuwa na kazi gani?

Neno kioo katika makala haya lina maana ya kioo cha kuakisi nuru, wala si gilasi ya lenzi. Katika kamera ya kioo, nuru iliyopita katika lenzi hukutana na kioo kilichoinama kwa nyuzi 45. Kioo hicho huielekeza juu kwenye prizimu, nayo prizimu huigeuza mpaka ifike kwenye jicho la mpiga picha. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka, pazia liitwalo shata hufunguka, na nuru huangukia filamu. Mpango huu ulienea sana baada ya kamera kama Nikon F kutokea mwaka 1959, kwa maana ulimwezesha mpiga picha kuona kile kile ambacho lenzi inaona. Filamu yenyewe haikuweza kumwonyesha lolote kabla ya kusafishwa.

Kamera za kidijitali zilibadili jambo hilo. Mahali pa filamu palikaa kibamba chenye kuhisi nuru, yaani kihisi, ambacho huigeuza nuru kuwa umeme na kuweza kuionyesha taswira papo hapo kwenye skrini. Kioo kikawa kinafanya kazi ambayo kihisi kinaiweza. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa kamera ya Lumix G1, moja ya kamera za kwanza za lenzi za kubadilishwa zilizoacha kioo na prizimu kabisa.

Kioo kikiondolewa, nafasi yake nayo haihitajiki. Katika kamera za kioo za Canon, umbali kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi ni milimita 44. Katika kamera zake mpya zisizo na kioo umbali huo ni milimita 20. Tofauti ya milimita 24 ndiyo iliyowezesha kutengenezwa kwa adapta, ambayo ni bomba la urefu huo lisilo na gilasi ndani yake. Kwa adapta hiyo lenzi ya zamani hufanya kazi vizuri kwenye kamera mpya. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi mpya ingepaswa kuzama milimita 24 ndani ya kamera ya kioo, mahali ambapo kioo chenyewe kinaruka.

Uzito na hesabu ya uwezekano

Kamera ya EOS 5D Mark IV, pamoja na betri na kadi yake, ina uzito wa gramu 890. Lenzi yake ya kazi, ya milimita 24 hadi 70 yenye namba ya f 2.8, toleo la pili, ina gramu 805. Jumla ni gramu 1,695. Kamera isiyo na kioo ya EOS R50, iliyotolewa mwaka 2023, ina gramu 375 pamoja na betri na kadi. Ikifungwa lenzi ya RF ya milimita 28 yenye namba ya f 2.8, ambayo ina gramu 120, jumla ni gramu 495. Uzito umepungua hata kuwa chini ya theluthi moja.

Yawezekana msomaji akauliza kama jambo hili lina uzito wowote, kwani mtu mwenye afya hashindwi kubeba kilo mbili. Tutumie hesabu. Tuchukulie kwamba kamera kubwa hushindwa kufanya kazi siku 1 katika siku 100. Mpiga picha akiwa na kamera nyingine kubwa ya aina hiyo hiyo, na akaibeba kila siku, uwezekano wa zote mbili kushindwa siku moja ni:

1/100 × 1/100 = 1/10,000

Lakini kwa kuwa ni nzito, tuchukulie kwamba huiacha nyumbani nusu ya siku zake. Siku anayoiacha ni sawa na siku iliyoshindwa. Uwezekano wa kubaki bila kamera unakuwa:

1/100 × (1/2 + 1/2 × 1/100), ambayo ni karibu 1/200.

Sasa tuchukue kamera ndogo isiyo imara kama ile, inayoshindwa siku 1 katika 20, lakini kwa wepesi wake haiachwi nyumbani hata siku moja:

1/100 × 1/20 = 1/2,000

Kamera iliyo dhaifu mara tano imetoa usalama ulio bora mara kumi. Namba tulizoanza nazo ni za mfano tu, na mwanafunzi anaweza kuweka nyingine. Wepesi, kwa hiyo, ni sehemu ya utendaji wa akiba.

Lenzi ya kila siku

Kamera inayobebwa kila siku inahitaji lenzi inayofaa kwa mambo mengi. Upana wa mandhari ambayo lenzi inaikamata hutegemea urefu wake wa fokasi na ukubwa wa kihisi. Kwa vitu vilivyo mbali kuliko urefu wa fokasi, pembetatu zinazofanana hutupatia kanuni hii:

upana wa mandhari = upana wa kihisi × umbali wa kitu ÷ urefu wa fokasi

Kihisi cha R50 kina upana wa milimita 22.3 na kimo cha milimita 14.9. Kwa lenzi ya milimita 28, kitu kikiwa umbali wa meta 3, upana wa mandhari ni karibu meta 2.4 na kimo chake meta 1.6. Kamera ikigeuzwa wima, mtu mzima aliyesimama anaenea kuanzia utosi hadi nyayo. Katika chumba cha darasa au nyumbani, meta 3 ni umbali unaopatikana kwa urahisi. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera hiyo hiyo ingekamata upana wa meta 1.3 tu, na mpiga picha angegota ukutani akirudi nyuma.

Kuna desturi ya zamani ya kuita lenzi ya kawaida ile ambayo urefu wake wa fokasi unakaribia mshazari wa kihisi au filamu. Mshazari wa kihisi cha R50, kwa kanuni ya Pythagoras, ni karibu milimita 27. Lenzi ya milimita 28 ni ya kawaida kwa kipimo hicho. Katika 5D Mark IV, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, mshazari ni milimita 43. Hivyo lenzi yenye kazi kama hiyo ingekuwa ya milimita 45 hivi.

Je, lenzi ya zumu isingefaa zaidi? Ipo zumu nyepesi ya milimita 18 hadi 45 yenye gramu 130, inayolingana na kamera hii. Inakamata mapana na membamba, lakini tundu lake ni dogo. Namba ya f ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, na nuru inayofika kwenye kihisi hupungua kwa kipeo cha pili cha namba hiyo. Zumu hii ikivutwa hadi milimita 45, namba yake ni 6.3. Kwa kuwa (6.3 ÷ 2.8) kwa kipeo cha pili ni karibu 5, lenzi ya namba 2.8 hupitisha nuru mara tano zaidi. Pale ambapo zumu inahitaji sekunde 1/20, lenzi hiyo inahitaji 1/100. Na katika sekunde 1/20 mkono wa mwalimu anayeandika ubaoni huonekana kama moshi. Anayefanya kazi juani achague zumu. Anayefanya kazi ndani ya nyumba, au jioni, achague lenzi ya urefu mmoja.

Akiba isitegemee kinachoakibiwa

Kanuni ya kuzidisha uwezekano tuliyoitumia ina sharti moja, ambalo ni kwamba matukio yasitegemeane. Kamera mbili zilizo katika mkoba mmoja uliolowa mvua zimeshindwa kwa tukio moja, na hapo hesabu ya 1/2,000 haina maana tena. Vivyo hivyo betri zote zikitegemea chaja moja, na umeme ukakatika usiku wa kuamkia kazi, kamera mbili ni sawa na moja.

Ndiyo maana tofauti za vifaa zina sura mbili. Betri ya 5D Mark IV haiingii katika R50. Ni usumbufu, kwani chaja nazo ni mbili, lakini pia kasoro ya betri za aina moja haiambukizi nyingine. Kadi za aina ya SD hutumika katika zote mbili, na hapo kila kamera iwe na kadi yake. Adapta, yenye gramu 110, huwezesha lenzi kubwa kufungwa kwenye kamera ndogo. Ni msaada wa kweli endapo kamera kubwa itaharibika. Lakini lenzi kubwa yenyewe ikianguka, adapta haisaidii kitu. Kwa hiyo kamera ya akiba iwe na lenzi yake, ifungwe humo daima, na ikae katika mkoba tofauti au ining'inie begani.

Upungufu wa kamera hizi

Mnunuzi ajue pia anachokikosa. Kwanza, eneo la kihisi cha R50 ni milimita za mraba 332, na la 5D Mark IV ni 864. Kwa namba ile ile ya f na muda ule ule, kihisi kikubwa hukusanya nuru mara 2.6 zaidi, na picha zake za usiku huwa safi zaidi. Pili, skrini na kihisi hula umeme muda wote mpiga picha anapotazama, ilhali kioo na prizimu havili chochote. 5D Mark IV hupiga picha 900 hivi kwa betri moja. Mwenye kamera ndogo isiyo na kioo afadhali awe na betri mbili au tatu. Tatu, katika hali ya shata ya umeme kihisi husomwa mstari baada ya mstari, hivyo mapanga ya feni yanaweza kuonekana yamepinda. Chini ya taa zinazopepesa mara 100 kwa sekunde kutokana na umeme wa mizunguko 50, michirizi ya giza inaweza kutokea. Muda wa sekunde 1/100 au 1/50 kwa kawaida huiondoa.

Utunzaji

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kamera huoza. Betri hupoteza chaji taratibu hata isipotumika, na katika unyevu wa pwani kuvu huota juu ya gilasi ya lenzi iliyofungiwa gizani. Dawa ya kwanza ni kuitumia kamera ya akiba mara kwa mara kwa kazi ndogo ndogo: kunakili kurasa, kupiga picha za mimea ya bustani ya shule, kuandika kumbukumbu za maabara. Kwa njia hiyo kasoro hugunduliwa kabla ya siku ya kazi, na vidole huzoea vitufe vyake. Inapohifadhiwa, iwekwe katika chombo kinachofunga vizuri pamoja na punje za silika zinazofyonza unyevu.

Jaribio na maswali

1. Chukua lenzi mbinuko, yaani iliyonenepa katikati, na karatasi nyeupe. Simama mbali na dirisha na usogeze karatasi nyuma ya lenzi mpaka mti ulio nje uonekane wazi juu yake. Pima umbali kati ya lenzi na karatasi. Huo ndio urefu wa fokasi. Kwa nini mti umepinduka?

2. Lenzi ya milimita 28 imewekwa milimita 24 mbele zaidi ya mahali pake pa kuonea vitu vya mbali sana. Kwa kutumia kanuni 1/f = 1/u + 1/v, tafuta umbali wa kitu kitakachoonekana wazi.

3. Katika hesabu yetu ya uwezekano, tuchukulie kwamba kamera kubwa ya akiba huachwa nyumbani siku 1 tu katika 20. Je, kamera ndogo ingali bora?

Majibu: (1) Miale itokayo juu ya mti na ile itokayo chini hupishana katika lenzi. (2) v ni milimita 52, hivyo u ni karibu milimita 61. Kila kitu kilicho mbali kitakuwa na ukungu. (3) 1/100 × (1/20 + 19/20 × 1/100) ni karibu 1/1,680. Kamera ndogo ingali bora, ila kwa tofauti ndogo.