Safari ya Kilwa Kisiwani

Mtoto wa Kalengera anajua kisiwa ni nini. Katika ziwa Kivu kiko kisiwa cha Idjwi, chenye milima, mashamba na watu wengi. Meli zinazotoka Goma kwenda Bukavu hupita karibu nacho. Lakini mbali sana, upande wa mashariki, katika bahari ya Hindi, kiko kisiwa kingine, kidogo kuliko Idjwi, ambacho jina lake liliandikwa katika vitabu vya Waarabu na vya Wareno tangu karne nyingi. Kisiwa hicho ni Kilwa Kisiwani, katika nchi ya Tanzania. Watu wa mataifa yote huja kutazama magofu yake, yaani nyumba za mawe za zamani zilizobomoka.

1. Kuvuka maji

Msafiri akifika Dar es Salaam, hufuata barabara ya kusini, mwendo wa kilometa 300 hivi, mpaka Kilwa Masoko. Mji huu uko bara, si kisiwani. Mbele yake mgeni huona mlango wa bahari, na ng'ambo, juu ya maji, huona ukuta mkubwa wa mawe. Hakuna daraja. Kila mtu huvuka kwa chombo: mashua ya tanga au mashua ya mota.

Lakini mgeni hawezi kwenda hivi hivi tu. Kwanza huenda ofisini, huandika jina lake, hulipa kiingilio na kupewa kibali. Kisha hupewa kiongozi wa kumwonyesha njia na kumweleza mambo. Wengine hunung'unika: "Kiongozi wa nini? Macho ninayo." Tutaona mbele kwa nini macho peke yake hayatoshi.

Nahodha naye hutazama maji kabla ya kuondoka. Maji ya ziwa Kivu hukaa pale pale asubuhi na jioni. Bahari si hivyo. Mwezi huvuta maji ya bahari, nayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Yakijaa, mashua hufika karibu na nchi kavu. Yakipwa, ufuko mrefu wa mchanga na matope huonekana, na abiria hukunja suruali, huvua viatu na kutembea majini.

Wazee wa Kilwa wana hadithi juu ya jambo hili, nayo imeandikwa katika tarehe ya kale ya mji wao. Husema kwamba zamani mtu mmoja, Ali bin al-Hasan, alikuja na jahazi kutoka Uajemi, akataka kukinunua kisiwa. Mwenye kisiwa akamwambia, "Nitakupa, ukinipa nguo za kukizunguka chote." Ali akatandaza nguo pande zote, akakipata kisiwa. Wakati ule, maji yakipwa, watu waliweza kuvuka kwa miguu. Ali akaogopa kwamba mwenyeji wa kwanza atarudi na jeshi lake. Basi akachimba kivuko mpaka kikawa kirefu, na tangu siku ile hakuna avukaye bila chombo. Hiyo ni hadithi. Lakini watu waliochimba ardhi ya Kilwa wameona kwamba wenyeji wa pwani, wavuvi na wahunzi, walikaa pale kabla ya nyumba za mawe kujengwa.

2. Gereza

Jengo la kwanza ni lile lililoonekana kutoka ng'ambo. Linaitwa Gereza, nalo ni ngome, yaani nyumba ya askari. Wenye kujua asili ya maneno husema kwamba neno hili limetoka katika lugha ya Wareno. Kwao *igreja* ni kanisa. Wareno walijenga ngome yao hapa mwaka 1505, wakaiacha mwaka 1512. Ngome inayosimama leo ilijengwa na Waarabu wa Omani katika karne ya 19, juu ya misingi ya zamani.

Kiongozi huweka mkono ukutani na kuuliza, "Jiwe hili ni la namna gani?" Mtoto wa Goma amezoea mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, nayo watu hujengea nyumba na kuta. Mawe ya Kilwa ni meupe. Ni matumbawe, mawe yanayofanywa na wanyama wadogo sana wa baharini. Wanyama hao hufa, mifupa yao hubaki, na baada ya miaka mingi huwa mwamba.

Mafundi wa Kilwa waliyajua vizuri matumbawe. Yale magumu ya nchi kavu waliyatia katika kuta. Yale laini waliyatoa baharini yakiwa mabichi, wakayachonga kwa urahisi, nayo yakawa magumu yalipokauka. Mengine waliyapanga juu ya chungu ya magogo, wakayachoma moto, wakapata chokaa ya kushikamanisha mawe. Kwa dari walitumia boriti za mikoko, miti inayoota katika maji ya chumvi. Boriti hizo si ndefu. Kwa hiyo vyumba vya Kilwa ni virefu lakini vyembamba, karibu meta mbili na nusu tu upana wake. Mti wa pwani ndio uliopima nyumba.

3. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa

Mbele kidogo uko Msikiti Mkuu. Wageni huingia kwa heshima, kwa sababu ni mahali palipojengwa kwa sala. Sehemu yake ya kwanza ina miaka zaidi ya 800. Katika karne ya 14 sultani al-Hasan bin Sulaiman aliongeza sehemu kubwa yenye nguzo nyingi, matao na kuba. Kuba ni dari ya mviringo, mfano wa bakuli lililofunikwa. Kuijenga kuba ya mawe bila chuma wala saruji si kazi ya mjinga. Kila jiwe hukaa mahali pake na kulisukuma jirani yake, na jirani hulisukuma jingine, wala hakuna linaloanguka. Jiwe moja likitolewa, mengine hulegea.

Kisha kiongozi huwapeleka wageni upande wa mashariki, kwa njia ya miguu kati ya mibuyu na mashamba, mpaka kwenye mwamba ulio juu ya bahari. Hapo ndipo penye Husuni Kubwa, jumba la sultani yule yule. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, ghala za mali, na birika la kuogea lenye pande nane. Lakini halikumalizika kujengwa.

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri, Ibn Battuta wa Moroko, alifika Kilwa. Alikuwa ameona miji mingi ya dunia, naye aliandika kwamba Kilwa ni mmoja wa miji mizuri kabisa. Tena alimsifu sultani kwa ukarimu wake.

4. Mali ilitoka wapi?

Mgeni huuliza, "Kisiwa hiki hakina dhahabu. Utajiri huu ulitoka wapi?"

Ulitoka katika biashara. Dhahabu ilichimbwa mbali kusini, katika nchi iliyo leo Zimbabwe, ikachukuliwa pwani mpaka bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Kutoka Sofala vyombo viliileta Kilwa, pamoja na pembe za ndovu. Kwa nini vilisimama Kilwa? Kwa sababu ya upepo. Miezi mingine ya mwaka pepo za bahari ya Hindi huvuma kutoka kaskazini, na miezi mingine kutoka kusini. Jahazi lililotoka Arabia au Bara Hindi liliweza kufika Kilwa na kurudi katika mwaka mmoja. Kwenda mbele zaidi kulikuwa hatari ya kuchelewa na kukosa upepo wa kurudi. Basi Kilwa ikawa soko. Wageni walileta nguo, shanga na vyombo vya udongo vya China.

Utajiri huo uliwavuta Wareno. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kutoa kodi ya dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupiga mji na kuuteka, na askari wake wakaipora mali. Biashara ikahamia kwingine.

Yako na mambo ya huzuni zaidi, na kiongozi mwema hayafichi. Katika karne ya 18 Kilwa ilipata mali tena, lakini safari hii ilikuwa mali ya kuuza watu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mapatano na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Watu hao walitekwa bara, wakatembezwa wamefungwa mpaka pwani. Mawe ya Kilwa yanasimulia ufundi wa watu, na pia ubaya wao.

5. Sarafu tano

Njiani mgeni huona vipande vidogo vya vyombo chini ya miguu yake. Vingine ni vya kijani, vingine vyeupe na buluu. Hivi ndivyo vigae. Huinama akachukua kimoja. Kiongozi humwambia, "Bwana, tafadhali kirudishe pale pale." Mgeni hujibu, "Ni kidogo tu. Kitadhuru nini?"

Jibu liko katika habari ya sarafu. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba, zenye majina yao. Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Kwa hiyo tunajua kwamba watu wa dhahabu na watu wa Kilwa walifikiana. Sarafu ile ndogo, kwa kuwa mahali pake panajulikana, imetufundisha jambo kubwa.

Lakini ziko nyingine. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu kadhaa mchangani, katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa! Zilifikaje huko, mbali namna ile? Askari hakujua thamani yake, akaziweka miaka mingi. Wataalamu walipozipata, walikwenda visiwani kutafuta. Lakini mchanga haukuwapa jibu. Je, zililetwa na merikebu iliyovunjika? Au na wavuvi? Mpaka leo hakuna ajuaye kwa hakika.

Kigae pia ni hivyo. Kikikaa mahali pake, hueleza ni nani aliyekaa pale, wakati gani, na alifanya biashara na nani. Kikitiwa mfukoni, huwa bubu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Neville Chittick alichimba Kilwa kwa uangalifu, tabaka baada ya tabaka, akiandika kila kitu na mahali kilipolala. Mengi anayosema kiongozi leo yalijulikana kwa njia hiyo. Magofu ni kitabu, na anayeokota kigae anachana ukurasa.

6. Mawe yanayokufa

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yakila ufuko na kuangusha kuta. Mizizi iliingia kati ya mawe na kuyapasua. Mvua ilikuwa ikiosha chokaa.

Basi kazi ikaanza. Kuta zilizolegea zilitengenezwa, magugu yakang'olewa, ufuko ukakingwa. Wanakijiji wenyewe, wavuvi na wakulima wanaokaa kisiwani kati ya magofu, walishiriki. Mwaka 2014 Kilwa ilitolewa katika orodha ya hatari. Hata hivyo bahari haipumziki. Kila mwaka lazima watu waangalie kuta na ufuko tena.

Jua likianza kushuka, mashua hurudi Kilwa Masoko. Mgeni hana kigae mfukoni, lakini anajua mengi.

Si kila mtoto wa Kalengera atafika Kilwa. Lakini lugha anayosomea somo hili ilizaliwa pwani ile, kisha ikapanda bara kwa miguu ya wachukuzi na wafanya biashara mpaka ikafika Kongo. Tena kwetu nako viko vitu vya kale: chungu cha bibi, ngoma ya babu, kaburi la wazee, na habari wanazozijua wazee peke yao. Mtoto mwenye akili huuliza kabla ya kuvunja au kutupa. Naye huandika alichoambiwa, na jina la mahali.

Maneno

*magofu*: nyumba za zamani zilizobomoka
*kupwa*: maji ya bahari kurudi nyuma
*kujaa*: maji ya bahari kupanda
*matumbawe*: mawe ya baharini yanayofanywa na wanyama wadogo
*boriti*: miti ya kushikilia dari
*kigae*: kipande cha chombo cha udongo kilichovunjika

Maswali

1. Kwa nini mgeni wa Kilwa Kisiwani hawezi kwenda kwa gari mpaka mwisho wa safari?
2. Maji ya bahari na maji ya ziwa Kivu yana tofauti gani?
3. Kwa nini vyumba vya nyumba za Kilwa ni vyembamba?
4. Upepo uliisaidiaje Kilwa kuwa soko kubwa?
5. Sarafu ya Zimbabwe Kuu ilitufundisha nini? Kwa nini zile za visiwa vya Wessel hazikutufundisha vivyo hivyo?
6. Taja vitu viwili vilivyoharibu magofu, na kazi mbili zilizofanywa kuyaokoa.
7. Uliza mzee mmoja wa kwenu juu ya kitu cha kale kilicho nyumbani. Andika mistari mitano: ni kitu gani, kilitengenezwa na nani, kilitoka wapi.