SOMO LA MWEZI: KENGELE MFUKONI MWA MZEE

Mtume Paulo atufundisha katika 1 Wakorintho 6:19 kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu hutunzwa hata likiwa la zamani. Lakini sisi wazee twaketi mno. Misuli isiyotumiwa hulegea, na miguu iliyolegea huangusha. Mzee akivunjika nyonga, huenda asije tena kanisani kwa miguu yake.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima, wazee wakiwamo, wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Kutembea upesi nusu saa, siku 5, kwatimiza dakika 150. Mazoezi ya kadiri ni yale ambayo mtu akiyafanya aweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba. Wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, siku 3 kwa juma: kama kuinuka kitini na kuketi mara 10, au kusimama kwa mguu mmoja tukishika meza. Mwenye ugonjwa wa moyo au kizunguzungu amwulize mganga kwanza.

Haya twayajua, ila twasahau. Hapa simu ya mkononi yatufaa, kwani hata ile ndogo ya vitufe ina kengele. Wajukuu watatufundisha kuitega.

1. Tuitege saa ile ile kila siku, baada ya jambo tulilozoea, kama chai ya asubuhi.
2. Viatu na mkongojo viwe tayari mlangoni.
3. Simu iwekwe mbali na kiti, ili tuizime tukiwa tumekwisha kusimama.
4. Wawili wawili tuandikiane ujumbe mfupi: "Nimetembea." Asiyeandika apigiwe simu. Kengele haitambui kwamba mtu ni mgonjwa au ana huzuni, mwenzake atatambua.

Kengele ya kanisa huwaita watu, lakini haisali kwa niaba yao. Ya simu nayo ni vivyo hivyo: kuinuka ni kazi yetu.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni saa ngapi ya siku tunayoweza kuishika bila kukosa?
2. Ni mzee gani mtaani kwetu asiye na simu, na nani atakuwa kengele yake?