Gamba la Kobe Mchanga ni Mfupa
Gamba la kobe si kifuniko tu. Ni mfupa hai, ulioungana na mbavu na uti wa mgongo. Kobe mchanga anayelishwa ugali na mkate hupata fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Gamba lake hulainika na kupinda, mithili ya miguu ya mtoto mwenye matege. Kinga ni nyasi, majani mabichi na unga wa maganda ya mayai, pamoja na jua lisilopita kwenye kioo, ili ngozi itengeneze vitamini D. Dodoma haikosi jua. Kobe asifungiwe ndani, bali apate pia kivuli. Anayemfuga kwa kibali anawe kwa sabuni kila amgusapo, kwani kobe hubeba bakteria wa salmonela, walio hatari hasa kwa watoto wadogo.