Mazungumzo Barazani: Hofu ya Uchaguzi

Katika somo la uraia tumejifunza kwamba uchaguzi mkuu wa Kenya hufanywa Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Jambo hilo limeandikwa katika Katiba ya mwaka 2010. Lakini liko jambo jingine lisiloandikwa humo, nalo ni hofu iwapatayo watu uchaguzi unapokaribia. Hofu hiyo hatuisikii sana darasani. Twaisikia nyumbani, sokoni na barazani, imechanganyika na habari za unga, karo na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo tumeandika mazungumzo ya marafiki watatu wa mji wa Nakuru. Watu hao ni wa kubuni, bali mambo ya sheria na ya historia wanayoyataja ni ya kweli. Soma polepole, na kila hofu itajwapo, jiulize: Hofu hii huondolewa na nini?

*Ni saa kumi za jioni. Fundi cherehani anashona sare za shule barazani. Mwenye Duka, jirani yake, ameleta chai. Mama Mboga ametua kikapu apumzike.*

FUNDI: Karibu, ndugu yangu. Mbona leo umefunga duka mapema?

MWENYE DUKA: Wateja hawapo. Wenye fedha wamezificha, wasio nazo wataka kuandikwa katika daftari la madeni. Kila mmoja aniambia, “Tungoje uchaguzi upite.”

MAMA MBOGA: Hata mimi sukuma wiki yanilalia. Watu wanaweka akiba ya nauli, waende kwao kupiga kura.

FUNDI: Mimi kazi ninayo, maana watoto hawaachi kurarua kaptura kwa sababu ya uchaguzi. Lakini sina raha. Kijana wangu ametimiza miaka 18 na amejiandikisha. Jana akaniambia hatakwenda kupiga kura. Ameambiwa kwamba mashine ile ya alama za vidole huonyesha mtu amemchagua nani, na baadaye hufuatwa.

MAMA MBOGA: Ameambiwa na nani?

FUNDI: Na rafiki zake.

MAMA MBOGA: Na hao rafiki zake wamepiga kura mara ngapi?

FUNDI: Hata mara moja.

MAMA MBOGA: Basi sikiliza, baba. Mwaka 2022 nilikuwa wakala wa mgombea mmoja, nikakaa katika chumba cha kupigia kura tangu alfajiri hadi usiku. Mashine ile iko mezani kwa karani. Waweka kidole, nayo yasema kwamba wewe ndiwe uliyeandikishwa. Kazi yake ndiyo hiyo. Kisha wapewa karatasi 6: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa wanawake na ya mwakilishi wa wadi. Waenda nazo mahali palipokingwa, peke yako, na mashine yabaki kwa karani. Jina lako haliandikwi katika karatasi. Ukishazitia masandukuni, zimechanganyika na za wenzako kama punje za mahindi guniani. Nani atazitambua?

FUNDI: Na mama yangu, ambaye macho yake hayaoni?

MAMA MBOGA: Aje na mtu mzima anayemwamini, na mtu huyo hawezi kumsaidia mwingine siku ile. Akikosa mtu, msimamizi wa kituo atamsaidia mbele ya mawakala.

MWENYE DUKA: Hayo ya siri nimeyakubali, mama. Mimi naogopa hesabu. Kura yaweza kupigwa kwa siri na kuibwa kwa siri.

MAMA MBOGA: Hesabu haifanywi kwa siri. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na kura zahesabiwa mle mle chumbani zilimopigiwa. Msimamizi aliinua kila karatasi tukaiona, akataja jina. Mwenye shaka alisema pale pale. Kisha hesabu ikaandikwa katika fomu. Ile ya rais huitwa 34A. Mawakala tukatia sahihi, na nakala ikabandikwa mlangoni, mpita njia aisome. Mwaka huo Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliweka picha za fomu hizo katika mtandao, na watu wengi wakakaa majumbani wakijumlisha wenyewe.

MWENYE DUKA: Na ikiwa hesabu ya mlangoni si sawa na ile iliyofika Nairobi?

MAMA MBOGA: Ndiyo maana kuna mahakama. Mwenye malalamiko juu ya kura za rais ana siku 7 za kuyapeleka Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 za kuamua. Uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti 2017 ulifutwa na mahakama hiyo tarehe 1 Septemba, kwa kuwa sheria haikufuatwa, hasa katika kupeleka matokeo. Ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Na mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo iliyakataa malalamiko, ikathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba.

MWENYE DUKA: Ni kweli. Lakini mahakama iko Nairobi, na mimi niko hapa. Mwaka 2017 majaji walifanya kazi yao, na bado kuna watu waliouawa. Mama, sheria yaweza kuihesabu kura yangu upya, haiwezi kunirudishia duka.

*(Wananyamaza kidogo.)*

MWENYE DUKA: Ninyi mwajua kwamba hili ni duka langu la pili. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na mwezi wa Januari duka langu la kwanza likachomwa. Watu husema lilichomwa na wageni. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta, nikatambua sauti mbili. Walikuwa wakinunua sukari kwangu.

MAMA MBOGA: Pole, baba. Nchi nzima waliuawa watu zaidi ya 1,000, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hata wakubwa walipotia sahihi maafikiano tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Kofi Annan, wengi hawakurudi tena.

FUNDI: Ndugu yangu, miaka yote hii hukuniambia habari ya zile sauti.

MWENYE DUKA: Sikutaka. Lakini juma lililopita uliniambia mbele ya wateja, “Ninyi mara hii mtatutambua.”

FUNDI: Nilikuwa nakutania!

MWENYE DUKA: Najua ulikuwa unatania. Mwaka ule pia mambo yalianza kwa utani. Wewe ulisema “ninyi,” nami nikajiuliza, hao ninyi ni akina nani? Mimi na wewe tumekunywa chai hapa miaka 12. Tangu siku ile nafunga duka mapema.

*(Fundi anaacha kushona.)*

FUNDI: Nimekosa. Nisamehe. Wewe una mgombea wako nami nina wangu, na hilo halitabadilika. Lakini neno lile sitalisema tena. Nikimsikia mwingine akilisema hapa barazani, nitamwambia achukue kaptura yake akashonewe kwingine.

MWENYE DUKA: Nimekusamehe. Juma la uchaguzi nawapeleka watoto kwa nyanya yao, hilo nimekwisha kulikata. Ila nilikuwa nikitafuta mtu wa kumwachia ufunguo wa duka. *(Anautoa mfukoni.)* Wewe huendi popote, kura yako iko hapa hapa mjini.

FUNDI: Waniachia mimi?

MWENYE DUKA: Nimwachie nani mwingine? Ila sukari uihesabu.

MAMA MBOGA: Mimi nitakuwa wakala wenu wote wawili. Mwite kijana wako, Fundi, nimweleze habari za mashine kabla giza halijaingia.

Maelezo

Tumesikia hofu tatu, nazo si za namna moja.

Hofu ya kijana, kwamba kura yake itajulikana, yatokana na kutojua. Dawa yake ni maarifa. Yafaa kumwuliza mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake, wala si aliyeyasikia tu.

Hofu ya hesabu huondolewa kwa ulinzi: mawakala, fomu ya mlangoni, na mahakama. Ulinzi huo una nguvu tu ikiwa wananchi wanautumia. Fomu isiyosomwa na mtu haimlindi mtu.

Hofu ya tatu ni ya jirani. Hiyo haiondolewi na tume wala na jaji. Sheria ya mwaka 2008 juu ya utangamano wa kitaifa yaweza kumwadhibu anenaye maneno ya chuki, lakini hufika baada ya neno kutoka kinywani. Anayeweza kulizuia mapema ni yule aliyeketi karibu. Sisi wanafunzi wengi wetu hatujafika umri wa kupiga kura, bali maneno twayo, na mabweni yetu yana watu wa kila pembe ya nchi. Yatupasa kuanza na neno “ninyi.”

Maswali

1. Mashine ya alama za vidole hufanya kazi gani, nayo haifanyi kazi gani?
2. Eleza safari ya kura tangu sandukuni hadi fomu iliyobandikwa mlangoni.
3. Mwenye Duka alisema, “Sheria haiwezi kunirudishia duka.” Je, ni kweli? Toa sababu zako.
4. Kwa nini utani wa Fundi ulimwogofya rafiki yake kuliko habari za kuibiwa kura?
5. Waulize wazazi wako wakati wa likizo: Mwanzo wa mwaka 2008 walikuwa wapi, na ni jirani gani aliyewasaidia, au waliyemsaidia? Andika majibu yao katika ukurasa mmoja.