Nsansa, Michembe na Gari la Umeme

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisoma habari za kuhifadhi vyakula, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, wenzetu wanaunda magari ya umeme, na sisi bado twajifunza kukausha majani ya kunde. Je, somo hili litatufikisha wapi?" Darasa zima lilicheka. Lakini swali lilikuwa zuri, na kengele ikalia kabla sijalijibu. Jibu lake nimeliandika hapa, ili hata wale ambao hawakuwapo siku ile wapate kulisoma.

Tuanze na hilo gari. Gari la umeme si jambo jipya. Mwaka wa 1899 Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, aliendesha gari la umeme kwa mwendo uliozidi kilometa 100 kwa saa, na hapo hapakuwa bado na gari la barabarani lililopata kufikia mwendo huo. Mota yake, basi, ilikuwa nzuri. Ilikuwaje magari ya petroli yakayashinda ya umeme kwa miaka mingi? Sababu moja kubwa ilikuwa akiba. Betri za siku zile zilikuwa nzito, zilitunza nguvu kidogo, na zilipokwisha zilihitaji saa nyingi kujazwa tena. Tangi la petroli hujazwa kwa dakika chache tu.

Wataalamu walihangaika na shida hiyo kwa muda mrefu. Mwaka wa 2019 watatu kati yao, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao ya kutengeneza betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na hutunza nguvu nyingi. Baadhi ya betri hizo hutiwa nikeli. Yafaa mjue kwamba nikeli imegunduliwa papa hapa mkoani kwetu, katika sehemu za Dutwa wilayani Bariadi na Ngasamo wilayani Busega. Kwa hiyo gari la umeme haliko mbali nasi kama tunavyodhani.

Kazi ya betri, kwa maneno machache, ni kupokea nguvu wakati ipo na kuitunza mpaka wakati ambapo haipo. Sasa tutazame chungu cha nsansa, tuone kama kazi yake ni tofauti.

Mwaka wetu una sehemu mbili

Kwa kawaida mvua za Simiyu huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kukoma mwezi wa Mei. Wakati wa mvua mboga ni tele: majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mlenda, mgagani na mchicha. Nyingine hupandwa, nyingine hujiotea zenyewe kando ya shamba la pamba au la mtama. Mtu hahitaji fedha. Ahitaji mikono na kikapu tu.

Kutoka Juni mpaka Septemba mambo hugeuka. Mito mingi hubaki mchanga mtupu. Mboga mbichi hupatikana katika bustani chache zinazomwagiliwa, au sokoni, na bei yake hupanda. Nyumba isiyo na fedha hula ugali kwa dagaa ikiwa dagaa wapo, au kwa mchuzi mwembamba usio na jani hata moja.

Jambo hili si la tumbo tu. Majani ya kijani yana karotini, na mwili hugeuza karotini kuwa vitamini A. Vitamini hiyo ndiyo inayotuwezesha kuona wakati wa mwanga hafifu, tena husaidia mwili kupigana na magonjwa. Mtoto aliyepungukiwa nayo huanza kujikwaa jua linapotua. Wenzake bado wanacheza, yeye anapapasa ukuta. Upungufu ukizidi, jicho hukauka, na mwisho wake waweza kuwa upofu. Ndiyo sababu watoto wenye umri chini ya miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6. Ukimwona mdogo wako ana dalili hizo, usimtibu kwa mboga; mpeleke zahanati siku ile ile. Mboga ni kinga.

Ini la mwanadamu huweka akiba ya vitamini A kwa muda wa miezi kadhaa, kama ghala. Lakini ghala lisilotiwa kitu halitoi kitu. Bibi zetu hawakujua jina la vitamini; hata hivyo walijua kwamba kiangazi hakiingiwi na chungu kitupu.

Kwa nini jani kavu halivundi?

Jani bichi la kunde ni maji kwa sehemu kubwa. Tuseme umechuma gramu 1000, na katika hizo maji ni gramu 850. Vitu vigumu, yaani nyuzi, protini, madini na vinginevyo, ni gramu 150 tu. Ukiyakausha majani mpaka maji yawe asilimia 10 ya uzito wake, zile gramu 150 zitakuwa asilimia 90 ya mzigo mpya. Gawanya 150 kwa 90, kisha zidisha kwa 100. Utapata kama gramu 167. Kilo nzima imekuwa mzigo wa kujaza mfuko mdogo.

Bakteria na kuvu hawawezi kuishi na kuongezeka pasipo maji ya kutosha. Kwa hiyo jani lililokauka barabara haliozi, ijapokuwa halikutiwa dawa yoyote. Lakini likinyeshewa, au likiwekwa kabla halijakauka, kuvu watarudi. Hili si jambo la mchezo. Mwaka wa 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wanaoota katika nafaka na karanga. Chakula chenye ukungu hakioshwi kikaliwa, hutupwa.

Kosa lililo katika desturi nzuri

Desturi ya nsansa ni hii. Majani machanga ya kunde huchumwa, huoshwa, huchemshwa, kisha huanikwa juani juu ya jabali au mkeka mpaka yakauke. Ni desturi ya akili. Ila lina kosa moja, nalo ni jua lenyewe.

Mwanga mkali wa jua huharibu karotini. Utaona kwa macho yako: jani lililoanikwa juani kutwa hupauka na kuwa na rangi ya majani makavu ya porini, na jani lililokaushwa kivulini hubaki na ukijani wake zaidi. Rangi si kipimo kamili, lakini hutukumbusha kwamba jua linafanya kazi mbili kwa pamoja: linaondoa maji tusiyoyataka, na linaondoa vitamini tunayoitaka. Madini, kama chuma na chokaa, hayaharibiwi na jua. Vitamini C hupotea kwa wingi kwa vyovyote, kwa moto na kwa hewa.

Mtu atasema, "Kivulini majani yataoza, maana huchumwa wakati wa mvua." Neno hilo ni kweli, na ndiyo sababu wengi hupenda jua. Basi fanya hivi:

1. Chuma majani machanga asubuhi, umande ukiisha kukauka. Ukiweza, ngoja siku za mwisho wa masika, mvua zinapopungua.

2. Yaoshe kwa maji safi, kisha yatie katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3 tu, uyaopoe. Moto huo mfupi huzuia vimeng'enya vya jani visiendelee kuliharibu. Ukichemsha muda mrefu, uzuri wa jani humwagwa pamoja na maji.

3. Yatandaze juu ya wavu au chanja, yasilaliane. Chanja ikae chini ya paa au mti, mahali penye upepo. Upepo hukausha sawa na jua, ila huchukua siku zaidi.

4. Yafunike kwa kitambaa chepesi kilicho safi kuzuia nzi na vumbi. Yageuze mara mbili au tatu kwa siku, na usiku yaingize ndani.

5. Yakivunjika kwa kufinywa, yamekauka. Yaweke katika chungu au debe lenye kifuniko, mahali pakavu pasipo mwanga.

Michembe na matobolwa

Viazi vitamu navyo vina akiba yake. Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kukaushwa. Matobolwa ni vilivyochemshwa kwanza, vikakatwa, kisha vikakaushwa. Vyote viwili hushibisha kiangazi kizima, vikiliwa kwa maziwa, kwa karanga, au kwa chai. Lakini kiazi cheupe, hata kikitunzwa vizuri namna gani, kina wanga mwingi na karotini kidogo sana. Huwezi kuweka akiba ya kitu ambacho hukuwa nacho.

Hapa elimu mpya imetusaidia. Viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo watu huviita viazi lishe, vina karotini kwa wingi. Aina za Kabode na Mataya zimeidhinishwa kupandwa Tanzania. Mwaka wa 2016 Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kukuza mazao yenye lishe zaidi, na kazi yake ilikuwa juu ya viazi hivi. Michembe ya viazi lishe hutengenezwa kama ile ya zamani, ila nayo ipate kivuli, isikae juani siku nyingi, na iliwe mapema, kwa sababu karotini huendelea kupungua hata ghalani.

Chunguni na kikombeni

Akiba ikitunzwa vizuri yaweza bado kupotea mezani. Karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Nsansa iliyopikwa kwa maji na chumvi peke yake huupa mwili kidogo. Ikitiwa karanga zilizotwangwa, samli au maziwa, huupa zaidi. Kumbe wale waliounga nsansa kwa karanga hawakutafuta utamu tu. Magadi, kwa upande mwingine, hulainisha mboga upesi lakini huharibu baadhi ya vitamini. Afadhali kuloweka nsansa mapema, na kupikia maji yale yale ya kulowekea ikiwa yalikuwa safi.

Tena tuangalie tunachokunywa. Wengi wetu hupenda chai ya rangi pamoja na chakula. Chai huuzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyo katika mboga. Yafaa inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula. Badala yake chukua maji ya ubuyu yasiyochemshwa. Ubuyu una vitamini C kwa wingi, nayo ndiyo ile iliyopotea katika kukausha, tena huusaidia mwili kuchukua chuma. Nsansa na ubuyu vyafaa kukutana katika mlo mmoja.

Jibu kwa muulizaji

Sasa nimrudie mwanafunzi wangu. Ulidhani kuna elimu ya wakubwa, nayo ni ya magari, na elimu ya mabibi, nayo ni ya majani. Mimi naona swali ni moja: tukipata kwa wingi leo, tutatunzaje tusije tukakosa kesho, na katika kutunza, ni kipi kinavuja? Yule anayeunda betri hupima nguvu iliyoingia na nguvu iliyotoka, kisha hutafuta mahali inapopotea. Ufanye vivyo hivyo kwa chungu cha nyumbani kwenu. Ukiweza kumweleza mama kwa adabu kwa nini chanja ihamishwe kutoka jabalini kwenda chini ya mti, na ukamsaidia kuihamisha, umefanya kazi ya sayansi. Na mdogo wako ataiona njia jioni.

Jaribio na maswali

1. Chuma gramu 500 za majani ya kunde. Gawanya mafungu mawili sawa; moja lianike juani, jingine kivulini. Pima uzito kila siku mpaka usibadilike kwa siku mbili mfululizo. Andika siku zilizotumika na rangi ya kila fungu.

2. Mama amechuma kilo 6 za majani, na maji ni asilimia 88 ya uzito wake. Akiyakausha mpaka maji yawe asilimia 10, atapata gramu ngapi za nsansa?

3. Kwa nini matobolwa ya viazi vyeupe hayawezi kuchukua nafasi ya mboga za majani?

4. Uliza watu wazima watatu wa kijijini kwenu jinsi wanavyokausha na kuweka mboga. Andika jambo moja ambalo wao wanalijua na kitabu chako hakikulitaja.