Uliza Habari za Hadithi Kwanza

Mtu akiingia kwenye kikundi cha waandishi wanaotunga hadithi za mapenzi ya jinsia moja, kuna swali humjia mdomoni kabla hata hajasalimia vizuri: "Na wewe mwenyewe uko hivyo?" Limeze. Swali hilo peke yake linatosha kukivunja kikundi. Anayeulizwa ana njia mbili tu, ama adanganye, ama ajianike mbele ya watu hamsini asiowajua sura. Na kwa Tanzania kujianika si mchezo: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Sheria hiyo inahusu vitendo, haihusu urafiki wala utunzi, lakini mwenye kuishi nayo hawezi kupiga soga kwa raha huku anadadisiwa. Halafu wapo wengine humo wasiohusika kabisa na unachokifikiria. Yumo mama mwenye mume na watoto wanne, yumo mwanafunzi wa fasihi, yumo aliyefiwa na kaka yake na anataka kumwandika. Hadithi ni hadithi, hakuna aliyekuja kuungama.

Basi mbinu mama ni hii: uliza habari za hadithi, za mtu ziache. Atazileta mwenyewe siku yake ikifika, na isipofika hujapungukiwa kitu.

Wapo waliopita njia hiyo wakafika mbali. Binyavanga Wainaina wa Kenya na Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria walifahamiana mtandaoni, kwenye warsha ya waandishi waliokuwa wakisomeana miswada, kabla hawajaonana ana kwa ana. Mwaka 2002 wote wawili walikuwa kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Caine, ile ya hadithi fupi za Kiafrika. Binyavanga akashinda, na mwaka uliofuata jarida lake la fasihi, Kwani?, likaanza Nairobi. Tarehe 18 Januari 2014, siku aliyotimiza miaka 43, ndipo alipochapisha ile sura aliyoiita iliyopotea katika kitabu chake cha kumbukumbu, akimwambia mama yake aliyekwisha kufariki kwamba yeye ni shoga. Hesabu miaka iliyopita katikati. Kila mmoja wao alianza na sentensi za mwenzake. Mengine yana wakati wake.

Sasa tuje kwetu. Chukua mfano wa kijana aliyepanga chumba Nangara, hapa Babati mjini, anayeandika usiku baada ya kazi. Babati ni mji mdogo. Anayekuuzia vocha ndiye anayemjua shangazi yako. Kijana huyu akiunganishwa kwenye grupu la WhatsApp anaona raha, kajiita jina la kalamu, kaweka picha ya ua. Asichokumbuka ni kwamba namba yake iko wazi kwa kila aliyemo. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na yeyote mwenye namba yako anaweza kujifanya anakutumia shilingi 1,000 kwa M-Pesa, jina lako la kitambulisho likamtokea kabla hajathibitisha. Jina la kalamu limekufa hapo hapo. Kwa hiyo kikundi cha namna hii kihamishieni mahali panapoficha namba. Telegram inaruhusu ukabaki na jina ulilojichagulia, na Signal nayo imeruhusu tangu 2024. Mimi ningechagua Signal, kwa sababu hufunga ujumbe kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiusomi, kinga ambayo vikundi vya Telegram havina. Wekeni pia ujumbe unaojifuta baada ya muda. Miswada mtu ajitunzie kwake, soga za jana hazina haja ya kuonekana mwezi ujao.

Kuna pia mambo ya simu yenyewe ambayo hayamo kwenye mipangilio yoyote. Kioo kikipasuka, fundi atakuomba namba ya siri ajaribishe mguso. Ondoa programu kabla hujamkabidhi. Zima ujumbe kutokea juu ya skrini iliyofungwa. Zuia picha za grupu zisijihifadhi zenyewe, maana mtoto wa dada akiomba simu acheze gemu, mahali pa kwanza anapofika ni kwenye picha.

Jina la kalamu nalo lina adabu yake. Ukijiita Kijana wa Nangara umejitaja nusu, na hadithi yako itamalizia nusu iliyobaki. Ukiandika mji wenye ziwa la viboko pembeni na mlima juu yake, mtu wa Babati hahitaji kuuliza ni wapi. Ukiongeza bucha la baba wa mhusika na rangi ya mlango wake, umemaliza. Mhamishe mhusika wako Kondoa au Singida, au changanya miji miwili uitunge wa tatu. Hili wala si woga tu, hadithi yenyewe hupata hewa ikitoka mtaani kwako.

Tuje kwenye mazungumzo, maana ndiko urafiki uliko.

Sisi tumelelewa na simulizi za Facebook na WhatsApp, zile za sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, "itaendelea". Msomaji wake kazi yake ni kudai: sehemu ya tano iko wapi? Au anaweka alama tatu za moto na "endelea mkuu". Kwa shabiki inatosha. Kwa mwandishi mwenzako ni sawa na kumpita njiani bila kumjulia hali. Kikundi kijiwekee sharti la kusoma kazi mbili za wenzako na kuzisemea kitu kabla hujaweka yako. Na kusemea kitu kuna namna yake. Tuseme mwenzako kaweka kipande hiki:

"Elia akasema anasikia baridi. Akashusha kioo cha dirisha, upepo wa mlimani ukaingia ndani ya Noah, Juma akamsogelea."

Wa kwanza atajibu: "Kali sana hii!" Wa pili: "Kiswahili chako kina makosa." Wote wawili hawajasaidia, na wa pili kaudhi bila faida. Wa tatu aandike hivi: "Kaka, Elia kasema anasikia baridi, halafu mstari wa pili anashusha kioo. Nimesimama hapo. Anatafuta sababu ya Juma kusogea, au umepitiwa? Kama anatafuta sababu, mwache Juma aligundue, hata kwa jicho tu."

Angalia alivyofanya. Kaonyesha mahali penyewe. Kauliza nia kabla ya kuhukumu. Na kapendekeza kwa maneno machache, hakumwandikia mwenzake hadithi. Mwenye kazi atacheka ajibu: "Nilipitiwa, ila hiyo yako nzuri kuliko yangu, naichukua." Baada ya hapo wataanza kubishana: kwenye gari lililojaa, mtu humgusaje mwenzake bila wa siti ya nyuma kuona? Mkono juu ya begi? Goti? Kusinzia kwa kujifanya? Dada wa Mombasa atasema kwao ni kwenye matatu ya usiku, mwingine aliyeko Muscat atasema yeye alijifunza kuongea kwa kutoongea. Kwa nusu saa watu wanazungumza habari za Elia na Juma, na kila mmoja anasema ya moyoni akiwa amejisitiri kwa jina la mhusika. Stara hiyo msiivue. Usije ukadakia: "Inaonekana wewe ushafanya!" Hata kwa utani. Mtu huyo kesho hataandika.

Mkikosa la kusema, someni kitu kimoja kwa pamoja. Anzeni na Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni fupi, imeandikwa kama barua ya msichana kwa msichana, na majirani wamo kila ukurasa. Mtu yeyote aliyewahi kupanga nyumba yenye uwanja mmoja na choo kimoja ataitambua mara moja. Kisha leteni habari ya filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi hiyo. Mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, na bodi ya filamu ya Kenya ikaipiga marufuku. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku 7, watu wakajaza majumba ya sinema Nairobi. Sasa ulizaneni: kwa nini hadithi zetu nyingi humwua mmoja wa wapenzi ukurasa wa mwisho? Nani alitufundisha? Swali hilo litawatosha wiki nzima, na msishangae mkianza kubadilisha miisho yenu.

Salamu. Kwenye grupu lisilo na sura hujui nani mkubwa, nani mdogo, na Mtanzania asiyejua ampe nani shikamoo hukosa amani kabisa. "Habari za humu ndani" inawafaa wote. Wakenya nao wakija na Sheng yao, usiwasahihishe kama hawajaomba. Kama neno hulijui uliza maana yake, ni mwanzo mzuri wa soga kuliko kusahihisha. Kuhusu dini, humo wamo wanaoswali na wanaokwenda misa ya kwanza, tena kwa moyo. Anayeweka kipande chenye mambo ya chumbani aandike onyo mstari wa juu, ili aliyefunga Ramadhani au Kwaresima achague mwenyewe muda wa kusoma. Wahusika wa mapenzi wawe watu wazima, hilo halina mjadala. Na picha za utupu zisiingie hata kwa mzaha, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia, na wa kwanza kuitwa atakuwa admini.

Voisi nazipenda, lakini hapa nazikataa. Sauti inatambulika haraka kuliko jina, ukuta wa chumba cha kupanga ni mwembamba, na voisi ya dakika saba inakula bando la mtu ambaye huenda kaliweka ili asome miswada. Andika. Wewe si mwandishi?

Inboksi ndiko mambo huharibika. Ukitaka kumfuata mtu huko, omba ruhusa kwanza, na umwambie unataka nini: "Naweza kukuuliza kitu kuhusu sura yako ya tatu?" Anayekuomba picha ya sura wiki ya kwanza, au anayekupa kisa kizito cha maisha yake na papo hapo anataka mkutane, mwache. Kuna watu kazi yao ni kutega na kudai pesa ya kunyamaza. Mkifikia kuonana kweli, iwe mchana, mahali penye watu, na mmoja wa kikundi mnayemwamini ajue uko wapi na unarudi saa ngapi. Kuhusu kusaidiana, mwenzako akikwama usimtumie kwa M-Pesa, majina yatatajana. Nunua vocha ya kukwangua, mwandikie tarakimu, ataongeza salio na hakuna aliyemjua mwenzake.

La mwisho ni ukimya. Mtu aliyekuwa akiandika kila usiku akinyamaza ghafla, msianze kumtaja mbele ya kikundi wala kumpigia. Simu inaweza kuwa mkononi mwa mtu mwingine. Kila mmoja awe na rafiki mmoja humo aliyepatana naye neno la kawaida la kuulizana. Kwa mtu wa Babati naona hili linafaa: "Bei ya mbaazi imefikaje huko?" Akijibu bei mliyokubaliana, yuko salama na simu iko kwake. Akijibu nyingine, au akiuliza "mbaazi gani?", acheni kuandika, na admini amwondoe kwenye kikundi mpaka atakapojitokeza mwenyewe kwa njia nyingine. Akirudi, mpokeeni kwa alichokuwa akiandika: "Ulituacha Elia yuko kituoni, gari limekuja?" Akitaka kueleza alikokuwa, ataeleza.

Kama ndani ya kikundi chenu kuna hadithi imekaa siku tatu bila mtu kuisemea neno, anza na hiyo leo usiku, kabla hujaweka yako.