Nenda kwake kwanza, wewe peke yako
Kijitabu cha kamati ya upatanisho kwa washarika na majirani

Ndugu msharika, malalamiko yamezidi. Watu wanafika kwa wazee wa kanisa na kesi za mpaka wa kihamba, deni la kikoba au maneno ya kwayani. Tukiwauliza kama wameshaongea na mwenzao, wanashangaa. Wameongea na kijiji kizima, isipokuwa yeye. Kuanzia sasa baraza la wazee halitasikiliza shauri kabla mlalamikaji hajamwendea mwenzake, yeye peke yake.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Umo katika Mathayo 18, mstari wa 15 hadi 17, nao una ngazi tatu: kwanza mnaonana wawili tu; asiposikia, unarudi na mtu mmoja au wawili; asipowasikia hao, ndipo kanisa linaambiwa. Wengi wanaanzia ngazi ya tatu. Wabaya zaidi wanaanzia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya.

Tuelewane. Kumwandika ndugu yako kundini si kumwendea. Kumtumia ujumbe wa sauti si kumwendea. Kumtuma shemeji si kumwendea. Na kusimama katika ibada ya jumuiya ukaomba mama fulani aombewe kwa sababu ana roho ya dhuluma ni kumsengenya ukiwa umefumba macho. Hili linatuumiza kuliko yote, kwa kuwa limevishwa vazi la sala.

Kumwendea ni kupiga hodi mlangoni kwake. Nenda mchana, wakati hana wageni, wala usimrekodi. Taja tendo, usimpe jina: mwambie masale ya mpakani yamesogezwa, usimwite mwizi. Kisha nyamaza umsikilize, maana mara nyingi naye ana lake moyoni. Wachaga tunalijua hili tangu zamani. Aliyekosa alipeleka jani la isale kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na isale hiyohiyo ndiyo tunayoipanda mpakani.

Wala usikae ukisubiri kwa kuwa wewe ndiye uliyekosa. Mathayo 5:23-24 inamwagiza mtu aliyekwisha kufika madhabahuni, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo aende kupatana kwanza. Walioambiwa hayo walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Wewe jirani yako yuko ng'ambo ya mfereji.

Wagomvi wa ardhi wasome pia Mwanzo 13. Abrahamu, akiitwa bado Abramu, alikuwa mkubwa, naye ndiye aliyemwachia Lutu achague upande wa nchi.

ONYO. Ngazi hizi si za kipigo, ubakaji wala mtoto aliyedhuriwa. Aliyepigwa asimwendee aliyempiga peke yake. Aende polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa habari ya mtoto, piga 116. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa, na mzee wa kanisa ni mwanajamii. Mzee atakayeyamaliza mambo hayo kwa sala na soda atawajibishwa.

Huduma yetu ni bure, kwa washarika na majirani wa imani yoyote, mradi pande zote mbili zimekubali. Shauri la talaka lina Baraza la Usuluhishi wa Ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na la ardhi linaweza kupelekwa Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Maelezo zaidi yako kwa katibu.

Kamati hii imewaona ndugu walionuniana miaka mingi wakishiriki tena meza moja ya Bwana, nasi tunaona fahari kwa hilo. Karibu wote walianza kwa kupigiana hodi.

Fomu ya kuleta shauri inapatikana ofisi ya usharika. Swali la kwanza ni siku uliyomwendea mwenzako na alivyokujibu. Fomu isiyojibiwa hapo itarudishwa.